Ungo u Mzima

Bibi Shinuna alimwambia shangazi kwenye simu,
sauti kaishusha, lakini sauti ya Bibi
hata ikishuka inafika kwa jirani:
"Raya kavunja ungo."

Mimi? Sijavunja kitu.
Nikatoka kitandani, tumbo nimelikumbatia,
nikaenda jikoni pekupeku
kuutazama ukutani, kwenye msumari wake,
ungo uliokuja Ibra na Bibi kutoka Unguja
ndani ya sanduku la bati, katikati ya kanga.
Nikaugeuza. Nikaugonga kwa ukucha.
Mzima.
Basi, nikasema, nimesingiziwa.

Mwaka ule kila kitu kilinisingizia.
Viatu vya Idi vilinunuliwa Shaabani,
Idi ilipofika vikaukataa mguu.
Alama ya kalamu kwenye fremu ya mlango,
juzi ya utosini, leo ya puani.
Chunusi moja ikaota juu ya nyusi
siku ya picha ya skuli, ikaita jamaa zake.
Kwapa likanuka kitunguu, na kitunguu sijala.
Mpira ukinigonga kifuani naona nyota;
nikadhani nimevunjika mbavu, nikanyamaza
kwa kuogopa sindano.
Siku moja nililia saa nzima kwa ajili ya kikombe.

Abla Nawal alifika ukurasa ule wa sayansi
akaufunika kwa kiganja: "Huu mtausoma nyumbani."
Nikausoma. Michoro miwili, mishale,
maneno ya Kiarabu yamesimama wima kama askari.
Hakuna mshale ulioniambia
kwamba itakuja Alhamisi, baada ya alasiri,
na kwamba si nyekundu ya kalamu
bali kahawia, rangi ya tende iliyosahauliwa mfukoni.

Mama aliniletea pakiti ndani ya mfuko mweusi,
mfuko ndani ya mfuko.
Akanionyesha namna ya kubandika, namna ya kukunja,
nikamuuliza swali moja, akajibu jingine,
akaenda kuangalia wali.

Bibi ndiye aliyekuja kukaa ukingoni mwa kitanda
na chupa ya maji moto kaifunga kwa leso.
"Bibi, ungo mzima. Nimeutazama."
Akacheka mpaka meno ya bandia yakateleza,
akayarudisha kwa kidole gumba.
"Msemo huo, mwanangu. Na mimi nilivunja wangu
Ng'ambo, uani, natwanga bizari.
Nikajua nakufa. Nikaaga kuku."
Kuku?
"Nilikuwa nawapenda. Nikawaaga mmoja mmoja.
Halafu somo yangu akaja, akanifunga ubinda,
akaniweka ndani siku saba
akinambia mengi, nusu ya kweli, nusu ya kunitisha.
Wewe nakupa ile nusu ya kweli."

Akanipa, pale pale, kwa Kiswahili,
lugha ambayo mpaka siku ile
kwangu ilikuwa ya kuitiwa chakula na kukemewa:
kwamba damu hii si jeraha, haina wa kulaumiwa;
kwamba itapotea mwezi, ije miwili mfululizo,
ndiyo desturi ya mgeni asiyeijua njia bado;
kwamba nioge, nikimbie, nile ndimu nikitaka,
aliyeizulia ndimu mwongo;
na nikiumwa mpaka nishindwe kusimama, niseme,
nisistahamili kama yeye.

Ramadhani iliyofuata, siku ya tisa, saa sita mchana,
nyumba nzima imelala na kiu yake,
Bibi aliusukuma mlango wangu kwa kisigino
akaweka sahani: chapati, mtindi, tende tatu.
"Kula. Mola mwenyewe kakupa likizo,
nani wewe wa kuirudisha?"

Ungo uko kwangu sasa, Sib, ghorofa ya tatu.
Hauna cha kupepeta; mchele wa dukani hauna pumba.
Binti yangu ana miaka kumi. Jana kaniuliza
nani kaishusha swichi ya taa.

Usiku nimeing'oa misumari,
nimeutundika ungo chini kidogo,
pale mkono wake utakapofika
siku atakayokuja kuugeuza.